Nguru hasimami: niliyofunzwa na mshipi, kisha na sahani

Mara ya kwanza mjomba kunichukua kuvua nguru, pale Kizimkazi, kusini mwa Unguja, nilirudi na ncha tatu za mshipi zilizokatwa safi, bila ndoana hata moja. Alikuwa amenipa kipande cha waya nifunge juu ya ndoana. Nikakiona kizito, nikamwambia samaki atakistukia. "Haya, mjomba," akanijibu, maana ndivyo tunavyoitana, akaendelea kushika usukani.

Jioni aliniita kwenye mchanga, akampanua mdomo nguru wake. Meno bapa yenye umbo la pembetatu, mstari mmoja juu na mmoja chini, yakikutana kama mkasi. Nilipitisha kidole kwenye jino moja kwa udadisi tu, nikatoka damu. Tangu siku hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni waya. Urefu wa shubiri mbili unatosha.

Wa pili ni ndoana ya pili. Nguru akiwinda samaki mkubwa kidogo, mara nyingi hammezi mzima. Humkata mkia kwanza, mawindo yakishindwa kuogelea ndipo anageuka kuja kumalizia. Ukiweka ndoana moja kichwani mwa chambo, utavuta kichwa kitupu mpaka uchoke. Weka moja kichwani, nyingine iende kukaa karibu na mkia.

Na chombo kitembee. Hapa ndipo ilinichukua miaka kuelewa. Nguru hana kibofu cha hewa tumboni kama samaki wengi wa mwambani. Samaki kama changu anaweza kuelea mahali pamoja akikutazama. Nguru akisimama anazama. Maisha yake yote ni kuogelea, na macho yake yamezoea kufukuza kinachokimbia. Chambo kinachoburutwa nyuma ya mashua ndicho anachokiona kama chakula. Basi mtafute alfajiri, kwenye ukingo wa mwamba ambapo maji yanabadilika rangi, hasa ukiona ndege wanashuka juu ya dagaa. Lakini usipite katikati ya lile kundi. Zunguka pembeni. Tuliwahi kupita katikati kwa pupa, dagaa wakatawanyika, na nguru nao wakaondoka nao. Tulikaa saa nzima tunatazamana.

Wengi wenu hamtavua, mtanunua. Akiwa mzima si vigumu kumjua: mwili mrefu wa fedha, michirizi ya kijivu iliyosimama ubavuni, mkia wa hilali, na vipezi vidogo vidogo vilivyopangana juu na chini kuelekea mkiani. Ule mstari mwembamba wa ubavuni huteremka ghafla karibu na mwisho wa pezi la pili la mgongo. Tatizo ni vipande. Kipande cha mzia, samaki mwingine mrefu, kikishakatwa na kuwekwa juu ya meza, unaweza kukinunua ukidhani ni nguru. Mimi hugusa ngozi. Ya nguru ni laini, magamba yake madogo mno hata huyaoni. Mzia ana magamba ya kuparua.

Sasa la sahani. Mwaka fulani nilinunua vipande vya nguru saa tisa mchana, mezani, bila barafu, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na nilikuwa na haraka. Nikakaanga vizuri kabisa. Tonge la pili nilihisi ulimi unachoma kama pilipili manga, na sikuwa nimetia pilipili. Kabla ya nusu saa uso umekuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, mwili mzima unawasha. Nikaamini nimepata mzio wa samaki, mimi mtoto wa pwani! Daktari alinieleza kuwa si mzio. Nyama ya samaki wa jamii ya nguru na jodari ina kitu ambacho bakteria, samaki akikaa kwenye joto, hukigeuza kuwa histamini, kemikali ileile inayoleta dalili za mzio. Na histamini ikishaingia, haitoki kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kugandishwa. Harufu nayo inaweza isikuonye. Nilipewa dawa ya mzio nikatulia, lakini mtu akibanwa kifua asingoje, aende hospitali.

Kwa hiyo siulizi tena "huyu ni wa leo?" Kila muuzaji atasema wa leo. Natazama barafu. Haipo, naondoka, hata kama jicho la samaki linang'aa. Na ukivua mwenyewe, mkate mashavu, yaani matamvua, damu itoke, mtoe matumbo, mfukie kwenye barafu palepale chomboni.

Jambo jingine linaniuma. Nguru anaweza kupita mita mbili na kilo hamsini, akaishi zaidi ya miaka 20. Hukua haraka: karibu na umri wa miaka miwili anafika sentimita 70 au 80 na kuanza kuzaa. Sokoni naona wa urefu wa mkono tu, kumi kwa fungu. Oman, ambako anaitwa kanaad, hufunga uvuvi wake kila mwaka kuanzia Agosti 15 hadi Oktoba 15. Mimi sina mamlaka ya kumfungia mtu bahari, ila fungu lile silinunui, na mjomba akiwapata wadogo huwarudisha huku akinung'unika.

Mkubwa ukimpata, kichwa usimwachie muuzaji. Akipasue kati, atoe mashavu. Nyumbani tui la nazi, ndimu, bizari kidogo, moto wa taratibu. Mjomba hula macho kwanza, na hataki kuulizwa kwa nini.