Gari inachemka mlimani hata baada ya kutoa thamostati? Anzia kwenye mfuniko wa rejeta

Ndugu, unasema gari yako inachemka kila ukipanda Kadutu hapa Bukavu, fundi ameshatoa thamostati (kile kivalvu kinachozuia maji ya injini mpaka yapate moto), na mshale wa joto bado unapanda. Pole. Na mimi nilitolewa yangu. Faida niliyoipata ni injini kuchelewa kupata moto asubuhi na esanse (petroli) kuisha mbio. Mlimani maji yaliendelea kuchemka vilevile.

Siku moja nilikuwa natoka Kamanyola, napanda mlima Ngomo kwa gia ya kwanza nyuma ya lori lililojaa mihogo. Mshale ukagusa nyekundu, nikasimama pembeni, mvuke ukatoka chini ya boneti kama sufuria ya maharagwe. Nilitaka kufungua rejeta, lile tangi la mbele linalopoza maji ya injini, palepale. Papa mmoja, dereva wa lori lingine, akanishika mkono: "We kijana, unataka kupika uso?" Tukangoja karibu saa nzima. Alipofungua, hata ndani hakuchungulia. Aligeuza mfuniko wenyewe, akanionyesha mpira wa chini: umekakamaa, una ufa mwembamba kama alama ya ukucha. Akakata kiduara kwenye mpira wa ndani wa tairi bovu, akakipachika, tukajaza maji, nikafika Bukavu. (Hiyo ni dawa ya porini, usiige kama duka la vipuri liko karibu.)

Huku kwetu tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji ya chai yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Injini nayo inafanya kazi kwenye 90 na kitu, kwa hiyo nafasi ni ndogo sana. Kazi ya mfuniko ni kubana presha: ule ulioandikwa 0.9 (ni bar, kipimo cha presha) ukiwa mzima, maji yanavuka 110 bila kuchemka. Ukivuja, unaendesha sufuria iliyo wazi. Thamostati haihusiki hapo. Yenyewe ni mlango tu, inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 au 88 kutegemea gari. Kweli, ikikwama imefungwa itachemsha injini, lakini basi unaweka nyingine, huachi tundu tupu. Mwambie fundi akurudishie.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, angalia mpira mnene wa juu (bomba la maji) unaoingia kwenye rejeta. Ukiukuta umebonyea kama chupa ya plastiki iliyonyonywa, kile kivalvu kidogo cha katikati ya mfuniko kimekwama, maji hayarudi kutoka kwenye chupa ya akiba. Fungua mfuniko sasa, bonyeza mpira wake wa chini kwa kidole: ukiwa mgumu au una ufa, tupa. Unaponunua mpya, soma namba juu yake na ilingane na ya zamani. Usikubali 1.1 mahali pa 0.9 eti ina nguvu zaidi, utapasua mipira na rejeta yenyewe.

Mfuniko ukiwa mzima, hakikisha feni inazunguka, na umwagie rejeta maji taratibu kutoka upande wa injini kwenda nje. Yangu ilitoa tope jekundu la barabara hadi nikaona aibu.

Halafu kuna kipimo ninachokiogopa. Mfuniko ukiwa nje, injini bado baridi, washa. Mapovu yakitoka mfululizo mdomoni mwa rejeta bila kukoma, au ukikuta mafuta ya injini yana rangi ya chai ya maziwa, zima. Hiyo ni gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku) imekufa, na hapo mimi na spana zangu mbili tunakaa kando, fundi aitwe.

Ikikuchemkia tena njiani kabla hujapata mfuniko, fungua hita ya ndani mpaka mwisho pamoja na feni yake. Mtatoka jasho wote, lakini mshale utashuka kidogo ukupe muda wa kutafuta pa kusimama.

Ukishaugeuza mfuniko, rudi hapa uniambie umekuta namba gani, na kama mpira wa juu ulikuwa umebonyea.