Betri Iliyoagizwa Kurejeshwa

SWALI: Mhariri, nilinunua MacBook Pro ya inchi 15 kwa mtu, na fundi anasema betri yake imeagizwa kurejeshwa. Nitabadilishiwa bila risiti?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kinachotazamwa ni namba ya utambulisho iliyochapwa kwa herufi ndogo sana chini ya kompyuta. Tangazo la Apple la Juni 2019 linahusu toleo la katikati ya 2015, lililouzwa hasa kati ya Septemba 2015 na Februari 2017, na betri hubadilishwa bila malipo. Hakiki namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni. Ikiwa imo, acha kuitumia na kuichaji, kisha uwaombe huduma kwa wateja wakuelekeze kwa wakala aliyeidhinishwa. Usiisafirishe kwa basi kabla ya kuwauliza, kwani betri ya namna hiyo ikipata joto kupita kiasi huweza kuwaka. Naye fundi asijaribu kuibandua, maana imegandishwa kwa gundi.