Mzee wa Funguo: Mpangaji wa miaka 12 anahama, nani anamdai nani?

*Swali*

Shikamoo Mzee wa Funguo. Mimi ni muuguzi, naishi Njombe, ila nyumba tuliyoachiwa na marehemu baba iko Soweto hapo Mbeya. Mpangaji wetu ni mwalimu. Aliingia na familia yake mwaka 2013 baba akiwa hai. Baba alifariki 2018, na tangu hapo kodi napokea mimi. Sasa mwalimu amemaliza kujenga kwake Isyesye na anahama mwisho wa Aprili hii ya 2025. Hatujawahi kugombana, lakini mahesabu ya mwisho yametushinda.

Mkataba wa mwisho uliisha Desemba 31. Kodi ni Sh 200,000 kwa mwezi, na tangu Januari hajalipa, anasema hela yote imeishia kwenye bati na madirisha ya kwake. Maji yanadaiwa Sh 96,400. Nilipokwenda kuangalia nyumba nilitamani kulia. Rangi imechubuka kila chumba. Dari la sebule ni jeusi kwa moshi wa mkaa. Chumba cha watoto silingi bodi zimevimba na nyingine zimeanguka kwa maji ya mvua; mwalimu anasema aliniambia mwaka juzi kwamba bati linavuja, na ni kweli nilimjibu avute subira. Beseni la kunawia limepasuka, na lilikuwepo tangu nyumba inajengwa. Vioo viwili vya dirisha havipo. Kitasa cha mlango wa mbele, nilichokiweka mwaka jana, walikivunja siku walipopoteza funguo.

Fundi amenipigia hesabu: rangi nyumba nzima 650,000, silingi bodi 280,000, beseni 120,000, vioo 40,000, kitasa 45,000. Ukijumlisha na kodi na maji ni Sh 2,031,400.

Mwalimu naye kaja na karatasi yake. Mwaka 2016 aliweka grili kwenye madirisha matano kwa Sh 450,000, kwa ruhusa ya baba. Mwaka 2020 akajenga jiko la nje la tofali na bati, anasema limemla Sh 700,000. Kwa hiyo, kwa maneno yake, "dada, tupeane mikono tu, hakuna anayemdai mwenzake." Kwenye daftari la baba nimekuta kaandika kwamba grili zote ni za mwalimu, na amemkata kodi ya miezi miwili, wakati ule kodi ikiwa 120,000. Habari ya jiko haimo, na mimi sikuulizwa.

Mdogo wangu, anayeendesha bajaji hapo Mwanjelwa, anasema tutie kufuli getini mpaka alipe, tena kwa 250,000 kila mwezi kwa sababu anakaa bila mkataba. Nifanyeje, mzee wangu? Ndaga fijo.

Dada Mkubwa, Njombe

*Jibu*

Marahaba mwanangu, na pole na kazi ya wagonjwa.

Mdogo wako arudi kwenye bajaji yake na kufuli lake aliache dukani. Ukimfungia mtu geti na vitanda vyake vimo ndani, bila amri ya chombo chochote, kesho yake si wewe unayemdai, ni yeye anayekushtaki. Nimeshika funguo za nyumba za watu wanaoishi mbali kwa miaka mingi, na kila niliyemwona akitia kufuli aliishia kulipa zaidi ya alichokuwa anadai. Na hiyo 250,000 isahau. Mkataba uliisha, lakini wewe ulimwacha akae na hukumwandikia kodi mpya. Masharti ya zamani ndiyo yaliyoendelea. Miezi minne kwa 200,000 ni Sh 800,000, na hizo anadaiwa zote. Kwamba anajenga si sababu. Wewe hukuwa mbia wa nyumba yake ya Isyesye.

Maji vilevile ni yake, lakini hapo kuna mtego. Ankara uliyonayo inahesabu mpaka siku msoma mita alipopita. Maji watakayotumia kuanzia hapo mpaka siku ya kuhama, pamoja na ya kuoshea nyumba, yatakuja kwenye ankara ya mwezi ujao, mwalimu akiwa Isyesye na akaunti ikiwa bado kwa jina la marehemu baba yako. Mamlaka ya Maji haimjui mwalimu, itakata maji ya nyumba. Siku ya kukabidhiana pigeni picha mita, mlinganishe na namba iliyo kwenye ankara, tofauti ailipe hapohapo.

Sasa tuje kwenye hayo yaliyokutoa machozi. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoikuta, lakini inautoa uchakavu wa kawaida. Hapo ndipo wenye nyumba wengi mnapoteleza. Rangi ya miaka 12 ni sawa na sare ya shule: huwezi kumvalisha mtoto tangu darasa la kwanza hadi kidato cha tano halafu umdai kwa sababu imepauka. Hata angeishi humo sista peke yake na rozari yake, rangi ya 2013 ingekuwa imekwisha. Hiyo 650,000 ni gharama yako ya kumpokea mpangaji mwingine. Ifute.

Moshi wa sebuleni nausema tofauti kidogo. Najua Juni na Julai za Mbeya, hakuna familia isiyoingiza jiko la mkaa ndani (na mkifanya hivyo acheni dirisha wazi, hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua watu usingizini). Lakini masizi si uchakavu, ni matumizi. Ukipaka rangi ya kawaida juu yake, yanachungulia baada ya muda mfupi, kwa hiyo dari litahitaji kuoshwa na kupigwa koti la kuzuia kabla ya rangi. Mwalimu alipie hiyo kazi ya ziada tu. Kwa dari moja la sebule mimi ningekubali Sh 40,000.

Silingi bodi za chumba cha watoto, mwanangu, usizitaje mbele yake. Sheria hiyohiyo inamtaka anayepangisha nyumba ya kuishi ahakikishe inakalika siku ya kwanza na muda wote wa upangaji. Mtu alikwambia bati linavuja, ukamwambia avute subira, na masika ya kwetu unayajua. Watoto wa mwalimu walilala chini ya maji ya mvua kwa kodi kamili. Akiwa na mdomo mrefu hata yeye anaweza kukudai. Sh 280,000 ni zako, na ukiagiza fundi aanze na bati kabla ya bodi, maana nimeona watu wakibadilisha bodi kila mwaka na tundu la msumari liko palepale.

Beseni walilipasua wao. Ila usimdai jipya kwa la zamani. Lilikuwa limeshatumika miaka yote hiyo. Nusu, Sh 60,000, inatosha kabisa. Vioo ni vyake vyote, 40,000. Kitasa ni chake chote, 45,000, kwa sababu kilikuwa kipya na kilivunjwa kwa makusudi, hata kama makusudi yenyewe ni kutaka kuingia kulala.

Kwa hiyo uharibifu wake halali ni Sh 185,000. Ongeza kodi 800,000 na maji 96,400. Unamdai Sh 1,081,400.

Upande wake sasa. Grili ni deni la kweli. Baba yako aliandika kwa mkono wake kwamba amekata miezi miwili, yaani Sh 240,000. Zimebaki 210,000, na aliyerithi nyumba karithi na deni lake. Sikushauri uingie kwenye hoja ya kwamba grili nazo zimechakaa. Yale yalikuwa makubaliano ya fedha, na kadiri ninavyolisoma hilo daftari, baba yako alikuwa mtu wa kutimiza.

Jiko la nje ni habari nyingine. Hakuomba, hakuandika, alijijengea apikie, na amepikia miaka mitano. Humlipi. Bati na mbao zake anaweza kuvichukua ilimradi aache uwanja umesawazishwa na asibomoe ukuta wako. Ukiona jiko litakusaidia kupangisha, mnunulie hizo bati kwa bei ya mtumba mnayoelewana, lakini hilo ni soko, halimo kwenye hesabu hii.

Kuna jambo moja ambalo hata mwalimu mwenyewe hakuliandika kwenye karatasi yake, nami nitalisema ingawa halikufaidishi wewe. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji, na kwa nyumba yako yenye mita moja, mwalimu ndiye amekuwa akiilipa. Miezi 23 ya kwanza ni Sh 23,000, na miezi 22 kuanzia Julai 2023 hadi Aprili hii ni Sh 33,000. Jumla 56,000. Kama mkataba wenu haukusema kwamba ataibeba yeye, mrudishie. Usingoje akagundue kwa wenzake ofisi ya walimu.

Anakudai, basi, 210,000 na 56,000, yaani Sh 266,000. Toa kwenye 1,081,400. Mwalimu akukabidhi Sh 815,400, pamoja na hiyo tofauti ya maji ya siku za mwisho. Kumbe si milioni mbili zako, wala si mikono mitupu yake.

Nenda Mbeya kabla ya siku ya kuhama, usiende siku yenyewe. Fuso likishaegeshwa na vijana wa kubeba wakianza kupiga kelele, hakuna anayesikiliza hesabu. Chagua mchana, mwanga uwepo. Ingieni chumba kwa chumba wewe, mwalimu na mkewe. Mke usimwache nje, yeye ndiye anayejua beseni lilipasuka lini. Chukua fundi ambaye si yule aliyekupigia hesabu ya kwanza, kwa sababu yule anataka kazi ya rangi. Kila kitu mnachokubaliana kiandikwe papo hapo na nyote muweke sahihi, nakala mbili.

Najua atakachosema mwishoni: dada, sina. Naamini hana kweli. Mtu aliyemaliza kuezeka huwa amebaki na funguo tu. Usishike friji yake. Andikeni awamu, kwa mfano 215,400 siku ya kukabidhi funguo na iliyobaki laki mbili kila mwisho wa mwezi kwa miezi mitatu, mshahara wake unajulikana unaingia lini. Karatasi hiyo ipelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Si lazima kisheria, lakini mwalimu hawezi kuruka mbele ya mwenyekiti kirahisi kama anavyoweza kuruka kwenye simu.

Akigoma kabisa, anza na Baraza la Kata. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza hilo halitoi tena hukumu, linasuluhisha tu. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko watakuuliza mkataba, daftari la baba, ankara na hiyo karatasi ya vyumba. Ukienda na machozi na picha za rangi iliyochubuka utarudi Njombe mikono mitupu.

*Kwa ufupi*

Kijana wa Kihesa, Iringa, ameuliza: alilipa kodi ya miezi sita, akapata kazi Makambako baada ya minne, akatoa taarifa na kurudisha funguo. Mama mwenye nyumba amekataa kurudisha ya miezi miwili, lakini wiki iliyofuata chumba kikapata mtu mwingine.

Kijana wangu, kuondoka mapema ni uamuzi wako, na chumba kingekaa kitupu nisingekuwa na neno. Lakini kula kodi mbili kwa chumba kimoja ndani ya mwezi mmoja si haki, na wazee wa usuluhishi nijuao mimi hawamezi hilo. Usome vizuri mkataba wako, kama hausemi kwamba kodi iliyolipwa hairudi, una la kudai. Mtafute dalali aliyemleta mpangaji mpya, akuambie aliingia tarehe ngapi. Kisha rudi kwa mama huyo kwa heshima, na mdai kuanzia tarehe hiyo, siyo kuanzia siku uliyorudisha funguo.