Mama mkwe asema ni ugonjwa wa kwetu

SWALI: Shikamoo Bibi Mkunga. Nina mimba ya wiki 11, ya kwanza. Mama yangu alipata kifafa cha mimba aliponibeba mimi. Mama mkwe kalisikia hilo, basi nikiumwa kichwa tu ananiambia, "Ndiyo mambo ya kwenu hayo." Juzi wifi kaninong'oneza kwamba mke wa kwanza wa kaka yake, yaani mume wangu, naye alipandwa na presha, akapasuliwa kabla ya siku zake. Je, ugonjwa huu hurithiwa?
Mama Kijacho, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Maneno ya wifi yako nimeyasoma mara mbili.

Kwa upande wako, ndiyo, hurithiwa. Presha hiyo ya mimba na kifafa cha mimba ni ugonjwa mmoja: presha ikizidi, huweza kuleta kifafa. Norway imekuwa ikiandikisha kila uzazi tangu 1967, hivyo watafiti wameweza kuwafuatilia watoto hadi nao wakapata watoto. Binti aliyezaliwa kwa mimba yenye ugonjwa huu, hatari yake huwa kama mara mbili ya wenzake. Lakini daftari hilohilo halikuwasahau wanaume: ambaye mwenzi wake aliupata, akimpa mimba mwanamke mwingine, hatari ya huyo wa pili nayo hukaribia mara mbili. Mama mkwe aambiwe na hilo, kwa adabu.

Chanzo ni kondo la nyuma. Linajengwa kwa jeni (chembe za urithi) za mtoto, na nusu ya hizo katoa baba. Mwaka 2017 ilitangazwa kuwa tofauti fulani karibu na jeni iitwayo FLT1, kwa mtoto na si kwa mama, huongeza hatari. Jeni hiyo hutoa protini ambayo kondo likiimwaga kwa wingi katika damu yako, mishipa huumia, presha hupanda na protini huvuja kwenye mkojo.

Hapa jirani, Dkt. Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliwachunguza akina mama wa hospitali ya Mulago, Kampala. Waliona kuwa jeni za kinga za mama na zile za mtoto hutazamwa pamoja: mama mwenye jeni za aina moja akibeba mtoto mwenye jeni za aina fulani, hatari huongezeka. Sasa hapo utasema ni ukoo wa nani?

Wengi wenye historia kama yako hujifungua salama. Hicho kichwa cha sasa si kifafa cha mimba, maana kwa kawaida huanza baada ya wiki 20, ila presha ipimwe. Kliniki waeleze habari ya mama yako na ya yule mke wa kwanza, waandike kwenye kadi. Muulize daktari kuhusu aspirini ndogo ya miligramu 75, ambayo huanzishwa mapema, kabla ya wiki 20, usijinunulie dukani. Kila hudhurio dai presha na mkojo vipimwe. Mimba ikikua, ukiumwa kichwa kisichotulia, macho yakaona ukungu, uso ukavimba au maumivu yakakukamata chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na mumeo akusindikize.