Mwaka mmoja tangu ubatizo, na hasira bado ipo

Dada yangu wa Tukuyu, Bwana Yesu asifiwe. Umeuliza kama wokovu wako ni wa kweli, ilhali bado unamfokea wifi yako mnapochuma chai, nawe umepanga nadhiri nyingi na mfungo mrefu ili uishinde hasira. Naona umechanganya kuhesabiwa haki, yaani kusamehewa na kukubaliwa na Mungu, ambako hutupa bure kwa ajili ya Kristo, na kutakaswa, yaani kubadilishwa mwenendo, ambako huendelea maisha yote. Paulo aliwaagiza Wafilipi wautimize wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka, kisha papo hapo akaeleza kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao (2:12–13). Basi bidii yako haishindani na neema, bali huzaliwa nayo.

Nadhiri nyingi kwa mkupuo sizishauri. Anza na ulimi: usiku likumbuke neno lenyewe ulilomtupia wifi, uliungame mbele za Mungu, na asubuhi, kabla hamjabeba vikapu, umwombe radhi bila kuongeza “lakini na wewe” (hapo ndipo penye kazi). Wamoravian, kanisa la Kiprotestanti lililoanza kazi Rungwe mwaka 1891, wana desturi ya neno fupi la Biblia kwa kila siku, lililoanzia Herrnhut, Ujerumani, na kuchapishwa tangu 1731, nayo itakufaa kuliko mfungo mrefu uliopanga. Ukianguka tena, usijitenge na Meza ya Bwana; zungumza na mchungaji wako, kisha ushiriki.