Mkongo au seismomita kisimani? Ushauri kwa wanaofuatilia matetemeko

Kama mradi wako bado unachimba kisima, funga mkongo, yaani kebo yenye uzi wa kioo unaopitisha mwanga, nje ya bomba linalokinga ukuta wa kisima kabla saruji haijamwagwa. Naanza na hili kwa sababu kisima kikishajengwa, nafasi hiyo haipatikani tena.

Nimekuwa nikichambua rekodi za FORGE, mradi wa utafiti wa jotoardhi karibu na Milford, jimbo la Utah, Marekani. Rekodi zenyewe ziko wazi kwa yeyote, nakusihi uzipakue. Mwaka 2019 maji yalisukumwa kwa nguvu ndani ya mwamba wa granaiti, kina cha zaidi ya kilomita 2, na vitetemeko vikasikilizwa kutoka kisima cha jirani kwa geofoni (aina ya seismomita ndogo) na kwa mkongo uliosimikwa kwa saruji hadi karibu mita 1,000. Geofoni zilinasa vitetemeko vidogo zaidi. Lakini usiuhukumu mkongo kwa hilo pekee, maana uliishia mbali na mwamba uliokuwa ukipasuka. Kina kina uzito kuliko chapa ya mashine.

Mkongo haupimi mwendo wa ardhi kama seismomita. Leza hutuma mwanga ndani ya uzi wa kioo, mwanga kidogo hurudi kutoka kila sehemu, na mabadiliko yake huonyesha kipande cha uzi, mara nyingi cha mita 10, kimevutika au kubanwa kiasi gani. Kwa hiyo kisima kimoja kinakuwa na mamia ya vituo vya kupimia. Unaliona wimbi la P, yaani wimbi la tetemeko linalofika kwanza, likipanda kituo hadi kituo na unapima kasi yake ndani ya mwamba papo hapo. Hapo ndipo mkongo ulipouteka moyo wangu.

Udhaifu wake ni kwamba husikia kwa urefu wake tu. Wimbi la P likiupiga ubavuni, karibu lote linapotea. Tena mkongo mmoja ulionyooka wima utakuambia kina cha tetemeko na umbali wake, ila hautakuambia liko upande gani wa kisima. Seismomita inayopima mwendo katika pande tatu hujibu swali hilo. Na tetemeko kubwa likitokea karibu, ishara ya mkongo huweza kuvurugika kabisa.

Kwenye visima vya moto kama vya jotoardhi vya Olkaria, Kenya, vyenye joto la zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi, elektroniki hazidumu huko chini. Uzi hauna elektroniki, ila ule wa kawaida wa simu huanza kuharibika kwenye nyuzi 85 hivi. Agiza uliopakwa poliimidi, plastiki inayostahimili joto, na usiushushe kwenye tabaka linalopita nyuzi 300.

Mimi ningechukua vyote viwili: mkongo kisimani, na angalau seismomita moja nzuri karibu na mdomo wa kisima, ili upate kipimo cha kulinganishia unapokadiria ukubwa wa tetemeko. Amua mapema data ipi utatunza, kwa kuwa mkongo unaweza kuzalisha terabaiti kwa siku. Kabla ya kuanza kurekodi, gonga bomba la juu kwa nyundo uone ni kituo namba ngapi kinachoitikia, kisha uiandike namba hiyo.