Kuchagua madereva wa rali: mie naanza na kiti cha kushoto

Vijana wanaopitia gereji yetu hapa Malindi swali lao ni moja tu, eti nani ana mwendo zaidi. Hata mie nilianza hivyo hivyo. Msimu wetu wa kwanza tulikuwa na Subaru mbili, pesa kidogo na kiburi kingi, basi tukasaka wale vijana wawili ambao ukiwataja tu watu wanapiga mluzi, tukawapa gari. Saa nne asubuhi siku ya kwanza moja imelala ubavu ndani ya laga, yaani mto mkavu, ya pili imerudi sevisi inavutwa kwa kamba, shoki ya mbele imetokeza juu. Saa nne! Chai ya mafundi ilikuwa bado ya moto kwenye chupa. Mzee wetu wa injini akaanza kukusanya spana zake polepole, akasema, "Haya, mwendo si mmeuona?"

Tangu siku hiyo siangalii dereva kwanza. Naangalia jozi, na kwenye jozi naanza na kiti cha kushoto, navigeta, yule anayemsomea dereva njia. Watu humdharau wakidhani ni abiria aliyevaa helmeti, kumbe ndani ya vumbi dereva anaendesha kwa masikio, kona anaambiwa kabla hajaiona, na akiambiwa kwa kuchelewa nusu sekunde ndo hivyo tena mko lagani. Dereva Shekhar Mehta alishinda Safari Rally, ile rali yetu ya Kenya, mara 5, na zile nne za mfululizo, 1979 mpaka 1982, pembeni yake alikuwa mtu yule yule, Mike Doughty. Uliza watu barazani, Mehta wanamjua, huyo wa pili wanakuna kichwa.

Jaribio langu la navigeta wengi hulicheka. Namkalisha nyuma ya tuktuk, nampa noti za kona kurasa kumi, namwambia asome kwa sauti kwenye ile barabara mbovu ya kwenda Ganda, kwenda na kurudi, bila kuinua macho zaidi ya mara moja moja. Kusoma ndani ya gari inayorushwarushwa kunachafua tumbo vibaya sana, mwanamume mzima na misuli yake alitapika kabla hatujafika nusu ya njia. Simlaumu, ni mwili, lakini kazi hii si yake. Tukaja kupata binti mmoja aliyekuwa akiuza vipuri dukani, akasoma mpaka ukurasa wa mwisho na katikati yake akamkaripia mwenye tuktuk kwa kukata kona kabla yeye hajaitamka. Nikasema basi, huyu huyu.

Dereva naye nina mchezo wangu. Kuna shamba la rafiki huko upande wa Langobaya, lina njia ya mchanga mwekundu ya kuzunguka. Napunguza upepo tairi moja ya nyuma, kidogo tu, simwambii, naye azunguke mara tatu kwa mwendo wa wastani. Akirudi nauliza gari ikoje. Mmoja alitoka na kicheko, "Iko fiti bosi, nipe nyingine!" Mwingine, kijana mkimya hata salamu anaitikia kwa shida, alizunguka mara mbili akasimama mwenyewe, akashuka, akainama, akabonyeza tairi kwa kidole gumba. Wa kwanza alikuwa amemshinda kwa sekunde kadhaa. Nikamchukua wa pili. Gari haina mdomo, sasa kama dereva hawezi kulisemea gari fundi atengeneze nini?

Lakini msichukue wakimya watupu. Ukiwa na gari mbili au tatu, mmoja awe wa kusukuma na mmoja wa kufikisha gari nyumbani, na kila mmoja ajue kazi yake kabla ya kufunga mkanda. Kwenye ubingwa wa dunia timu hutaja gari tatu na pointi huhesabiwa za mbili zilizofanya vizuri, ndo maana yule wa tatu ana thamani hata kama hapandi jukwaani. Tazama Japani 2024: Ott Tänak wa Hyundai anaongoza, Jumapili akatoka njiani, na mwisho wa hesabu Toyota wakachukua taji la watengenezaji kwa pointi 3. Tatu tu! Na si lazima kila dereva akimbie msimu mzima, Sébastien Ogier wa Toyota mwaka 2023 alikuwa wa mbio chache na bado akaja Naivasha akatubebea Safari.

Sasa pesa, maana hapa ndo urafiki huvunjika. Alikuja mfanyabiashara mmoja na hela za msimu mzima, sharti mwanawe aendeshe gari ya kwanza. Nilizitaka, sisemi uongo. Tukabishana siku mbili, mwisho nikamwambia gari ya pili, na navigeta namchagua mie, na iandikwe. Nikamweka na yule binti wa vipuri. Rali ya kwanza kijana alimfokea kwenye intakomu kwamba anamchelewesha, binti akafunga daftari akanyamaza. Kimya. Kilomita mbili hivi za kona asizozijua, mpaka yule kijana akapunguza mwenyewe akaomba radhi, ndo daftari likafunguliwa. Mie hilo sikulipenda, hatari ile, na nilimwambia binti kwa ukali asirudie. Ila walimaliza, gari nzima, taa zote.

Hata malipo siku hizi tunayaandika yote mwanzoni, ya dereva na ya navigeta, kila mmoja karatasi yake, na nani anagharamia gari ikianguka. Juzi baba wa yule kijana kanipigia simu, mie nikadhani ni maneno ya gari ya kwanza tena. Kumbe anauliza kama yule binti tumeshamsainisha msimu ujao.